Mara Tisini na Tisa kwa Sekunde

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Leo ni siku ya mia moja na kumi na mbili tangu nitoke nyumbani. Nimenunua daftari hili kwa sababu kichwa changu hakitulii, na nikiwasimulia wenzangu watano wa chumbani kila kinachonisumbua, watanihama. Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu unasomeka.

Kazi yetu ni ghala la vifurushi. Kifurushi kinakuja kwenye mkanda, unakipiga skana, skana inalia, unakitupa kwenye toroli la mtaa wake. Kabla haijalia huruhusiwi kukitoa. Kompyuta inahesabu milio ya kila mtu kwa saa, na kila Jumamosi hesabu inabandikwa kwenye ubao wa mlangoni. Atakayekuwa chini ya sitini msimu wa mvua ukiisha haongezewi mkataba. Mimi nina sabini na moja. Shemeji, kaka wa mke wangu, ana hamsini na mbili.

Nilimleta mimi mwenyewe. Binti yake yuko mwaka wa mwisho wa uuguzi, na shemeji ameapa hatarudi nyumbani hadi binti avae ile sare nyeupe. Goti lake la kulia limeanza kuvimba tangu mwezi wa pili. Anasema ni viatu.

Mvua imeanza leo. Saa nane mchana skana zote ziliganda, dakika nne nzima. Tulisimama na vifurushi mikononi kama watu wanaopigwa picha.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mvua kubwa. Ziliganda tena, dakika sita.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Mvua asubuhi. Ziliganda mara mbili. Dakika hizo zote hesabu inaendelea, na milio haipo. Redio, mwenzetu wa chumbani na jirani yetu kazini mwenye meza kwenye nguzo ya tisa, anayeitwa hivyo kwa sababu hazimwi, alimpigia meneja kelele: "Bosi, mimi nimesimama au nimesimamishwa?" Meneja alisema fundi anakuja.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Fundi amekuja, na ni mwanamke. Mwembamba, ana mkoba mgongoni, na anatembea haraka kama aliyeacha kitu jikoni. Amezunguka ghala lote akiangalia meza zetu. Kwenye nguzo ya saba, yaani kwangu, aliona orodha ya matoroli niliyoiandika kwa mkono.

"Kaka, hii umeandika wewe?"

"Mimi, dada."

"Basi nina kazi na wewe."

Alinieleza mambo ambayo sikuwahi kuyasikia. Kwenye kompyuta kuu kuna programu nyingi, kila moja inataka kazi yake ifanyike. Chini ya hizo zote kuna moja inayogawa zamu: nani asome, nani aandike, nani asubiri. Hiyo ndiyo inayoitwa kiini. Kitu kikikwama juu, mara nyingi jibu liko kule chini. Ameweka chombo kinachochungulia kiini mara tisini na tisa kwa kila sekunde. Kila kikichungulia kinaandika: sasa hivi kinafanya nini, kimetumwa na nani, nani yuko foleni, anasubiri nini.

"Kwa nini isiwe mia?" nilimuuliza.

Alicheka. "Swali zuri. Mambo mengi ndani ya mashine yanajirudia mara mia, mara elfu, hesabu kamili kamili. Nikichungulia mara mia, huenda nikakikuta kiini kila mara kwenye jambo lile lile. Ni kama mgeni anayekuja kwako kila siku saa saba mchana. Atasema huna kazi duniani ila kula."

Chombo hicho kinakumbuka dakika mbili za mwisho tu, kwa sababu kikihifadhi kila kitu, chenyewe kitageuka mzigo. Kwa hiyo skana zikiganda, anahitajika mtu aliye sakafuni abonyeze kitufe ili dakika zile zihifadhiwe, kisha aandike kwenye karatasi saa ilipoanza, saa ilipoisha, na upande upi.

"Kwani mashine haijui kwamba imeganda?"

"Haijui. Yenyewe inaona watu wako foleni tu, na foleni kwake ni jambo la kawaida."

Meneja akaongeza neno mbele yetu sote: dakika zitakazoandikwa zitaondolewa kwenye hesabu ya kasi, kila mtu ahukumiwe kwa dakika alizofanya kazi. Redio alinipigia saluti. "Karani mkuu!" Jina limeshanishika.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Mvua. Nimebonyeza mara mbili. Nilikibonyeza kwa uzito, kama ninayepiga muhuri wa serikali.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Mvua. Mara moja, dakika saba.

Jumatano, tarehe 20 Machi

Jua, tangu Jumapili. Skana zinalia vizuri. Nilipaswa kufurahi.

Saa tisa shemeji aliketi juu ya kreti nyuma ya nguzo ya nane, yaani kwake. Alishika goti kwa mikono miwili, macho kafumba. Nikamwambia, "Shemeji, unaonekana." Akanijibu, "Dakika tatu tu, shem. Usinihesabie na wewe." Mkanda ulikuwa unapita na vifurushi vyake.

Nikabonyeza kitufe. Nikaandika: saa tisa na dakika tano hadi tisa na dakika tisa, upande wetu tu, nguzo ya saba na ya nane. Na mimi nikasimamisha skana yangu ili uongo ukae sawa.

Nilikaa saa zote zilizobaki nikitazama mlango.

Alhamisi, tarehe 21 Machi

Jua. Nimebonyeza tena.

Jumamosi, tarehe 23 Machi

Shemeji ana hamsini na sita ubaoni. Alisoma mara mbili kwa kidole. "Goti linazoea," aliniambia. Jioni aliongea na binti yake kwenye simu na kumdanganya kwamba siku hizi anafanya kazi ya kukaa.

Jumanne, tarehe 26 Machi

Mawingu, hakuna mvua. Mara mbili.

Alhamisi, tarehe 28 Machi

Mvua ya nguvu, ziliganda kweli, nikabonyeza kwa raha kama mtu mwema. Baadaye Redio alinisogelea. Huyu bwana hata akinong'ona anasikika hadi getini.

"Karani, mbona mashine inaganda nguzo ya saba na ya nane, ya tisa inaogopwa?"

"Sijui unasema nini."

"Unajua. Siku nikiwa na kichwa kinauma, na mimi inigandie kidogo."

"Punguza sauti."

"Hii ndiyo nimepunguza."

Nikamwongeza nguzo ya tisa. Ningefanyaje?

Jumanne, tarehe 2 Aprili

Jua. Mara tatu. Sipati utulivu hata nikiwa nimelala kifudifudi. Nahesabu kila kitu: ngazi, vigae, hatua za fundi akipita.

Ijumaa, tarehe 5 Aprili

Mvua kidogo. Fundi amefungua sakafu upande wetu. Anaingia chini kwa tumbo na tochi mdomoni, anavuta kebo moja moja, anatoka na vumbi kwenye nyusi. Nilimpelekea maji.

"Dada, unatafuta nini huko?"

"Ugonjwa wa pili," alisema. "Rekodi zako, kaka, ziko namna mbili. Nyingine kiini kimekwama kabisa, watu wote wanasubiri diski. Nyingine kiini kimetulia, hakuna anayesubiri chochote, lakini wewe umeandika skana zimeganda, upande wenu tu. Kama mashine ni nzima na skana zimeganda, basi tatizo liko njiani, kwenye kebo. Nimebadilisha kumi na nne."

Alikunywa maji yote bila kupumua, akarudi chini. Niliona soli za viatu vyake zikipotea, nikashika skana, na vifurushi vinne vikanipita bila kuviona.

Jumatatu, tarehe 8 Aprili

Jua. Shemeji aliketi. Sikubonyeza. Aliketi tena, nikabonyeza.

Jumamosi, tarehe 13 Aprili

Leo nitaandika sana.

Asubuhi meneja alituita sote karibu na mkanda wa kwanza. Fundi alisimama pembeni. Ukutani walionyesha picha ya rekodi: mistari iliyopangwa juu ya mistari, rangi ya moto, kama mabonde na vilima. Meneja hakuzifahamu picha zile zaidi yangu, lakini alikuwa na fimbo ya kuelekezea.

"Jamani, hizi ni rekodi arobaini na moja zilizobonyezwa na mwenzenu. Kwenye nyingi mashine haina tatizo lolote. Imetulia. Imelala. Sasa niambieni, kama mashine ni nzima na kazi haiendi, mgonjwa ni nani?"

Watu walitazama mkanda. Hata Redio.

"Dakika hizi sitaziondoa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Hata moja. Na mwisho wa mwezi fundi anaondoka. Tutajua la kufanya na sisi wenyewe."

Fundi akasema, "Bado sijamaliza. Kuna rekodi ambazo mashine imekwama kweli."

"Ngapi?"

"Nikijua zipi niziamini, nitakwambia."

Wakati anasema hivyo alikuwa akinitazama, na sikujua kama ananiuliza au ananitegemea.

Tulipotoka, mama mmoja wa mkanda wa tatu, ambaye anafanya kazi kuliko sisi wote, alikuwa analia kwa hasira. Alikuwa na hamsini na tisa na dakika za kweli za kuganda zingemvusha. Nimezichafua dakika zake. Nilidhani ninamkopesha shemeji dakika za mashine, kumbe nazitoa kwa watu.

Nilimwambia shemeji tukiwa kwenye foleni ya bafu. Nilimwambia yote. Nilitegemea atanishukuru kwanza halafu anikaripie. Hakufanya lolote katika hayo.

"Ni mara ngapi?" aliuliza.

"Ishirini na tatu. Nne ni za Redio, zilizobaki zako."

"Kumi na tisa." Alilitamka polepole. "Kila nilipoketi ulikuwa unaandika saa?"

"Nilikuwa nakusaidia, shemeji."

"Mimi nilijua hakuna anayeniona. Nilikuwa naketi nikijua hakuna anayeniona, ndiyo nikapumzika. Kumbe nina karani."

"Ningekuacha ufukuzwe?"

"Ungeniambia, 'shemeji, goti limekushinda.' Maneno matatu. Hayo yalikushinda, ukaenda kuandika daftari."

Akaingia bafuni kabla ya zamu yake, na hakuna aliyemzuia.

Jumatatu, tarehe 15 Aprili

Niliamka mapema, nikamngoja fundi mlangoni mwa chumba cha mashine. Kulikuwa na mvua. Nilikuwa nimejipangia maneno, yakaondoka yote.

"Dada, hakuna ugonjwa wa pili. Ugonjwa wa pili ni mimi."

Alitua mkoba chini. Nikamweleza.

"Nimelala chini ya sakafu siku sita," alisema mwishowe.

"Najua."

"Uliniletea maji!"

"Najua, dada."

"Ungekaa na maji yako ukaniletea ukweli." Alizunguka chumba, akarudi. "Unakumbuka zipi ni za uongo? Usinikisie. Ukikosea moja tu, siwezi kusimama mbele ya yule bwana na fimbo yake."

Nikamwambia nina daftari langu mwenyewe. Nikamsomea kurasa za humu, pamoja na orodha ya nyuma ya daftari ya kila nilipobonyeza na hali ya hewa yake, nikiruka yanayomhusu yeye. "Tarehe kumi na mbili, mvua, ziliganda. Tarehe kumi na tano, mvua, ziliganda. Tarehe ishirini, jua, nimebonyeza uongo." Alikuwa anaweka alama kwenye kompyuta. Nilipofika mwezi wa nne alinyanyua mkono.

"Ngoja. Kwa nini unaandika mvua?"

"Huku mtu ataandika nini kingine?"

"Soma tena za kweli peke yake."

Nikasoma. Kumi na nane. Kila moja ina mvua. Akasimama, akaenda dirishani, akatazama uani ambapo maji yalikuwa yanashuka kama kamba. Kwenye kila mlingoti wa uani kuna kamera.

"Kamera zile zinarekodi wakati gani?"

"Kitu kikisogea. Gari likiingia, mtu akipita."

"Na tone la mvua mbele ya kioo?"

Hakusubiri jibu. Alikuwa ameshaketi.

Mchana alinionyesha. Aliondoa zile ishirini na tatu, akazipandanisha kumi na nane zilizobaki, na vile vilima vilivyokuwa kila kimoja mahali pake vikawa mlima mmoja. Picha za kamera zinaingia kwenye kompyuta ile ile ya skana zetu. Kiini kinazikusanya kwanza kwenye kumbukumbu. Siku kavu picha ni chache, hakuna anayegundua. Mvua ikipiga, kamera zote zinarekodi bila kupumzika, kumbukumbu inajaa, na kiini kinaamua kuzimwaga zote kwenye diski kwa pamoja. Skana zetu, zenye neno moja tu la kuandika, zinasimama nyuma ya foleni hiyo dakika sita.

"Zingekuwemo na zile za kwako humu," alisema, "wastani wake ungekuwa uji. Nisingeona mlima."

Hakunisamehe. Alinionyesha tu, kwa sababu alihitaji mtu wa kumwonyesha.

Jumanne, tarehe 16 Aprili

Fundi alimweleza meneja mbele yetu. Alisema rekodi ishirini na tatu zimeondolewa kwa makosa ya ubonyezaji. Meneja akauliza makosa ya nani. Niliona watu sitini wakitazama mahali pengine ili wasinitazame. Nikanyoosha mkono.

"Kwa faida ya nani?"

"Yangu," nikasema.

Nitamaliza msimu, mkataba hauongezwi. Dakika za kweli zimeondolewa kwa wote. Mama wa mkanda wa tatu amepata sitini na tatu. Redio aliuliza kwa sauti yake ndogo, yaani ghala zima likasikia, nani alikuwa na wazo la kuunganisha kamera na skana kwenye kompyuta moja. Meneja alitazama viatu vyake.

Shemeji, hesabu ikisafishwa: hamsini na tano.

Alhamisi, tarehe 18 Aprili

Kamera zimepewa kompyuta yao. Mvua kubwa leo kuliko zote. Skana zinalia kama vyura. Fundi ameondoka, alinipa mkono mlangoni, mkono mkavu, akasema, "Endelea kuandika hali ya hewa."

Jumatatu, tarehe 22 Aprili

Shemeji hajaketi hata mara moja. Hanisemeshi. Akitaka chumvi anamwomba Redio, na Redio ananiomba mimi.

Jumatano, tarehe 24 Aprili

Hajaketi.

Ijumaa, tarehe 26 Aprili

Hajaketi. Natamani kumwambia, halafu natamani kukimbia. Leo nilisogeza kreti nyuma ya nguzo yake kwa mguu. Alilisogeza mbali kwa mguu ule mzima.

Jumamosi, tarehe 27 Aprili

Sitini na moja.

Alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Redio alipiga kelele kama amefunga bao yeye. Shemeji alinitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ya bafuni, akasema, "Umeandika hiyo?" Nikasema naandika leo jioni. Ndiyo hii.

Jumatatu, tarehe 29 Aprili

Asubuhi hakushuka kitandani. Goti limekuwa kubwa kama kichwa cha mtoto, linang'aa. Alijaribu mara tatu, jasho likamtoka, akabaki ameketi ukingoni akitazama sakafu kama shimo.

Nilikaa karibu yake. Nikasema, "Shemeji, goti limekushinda."

"Sasa ndiyo unasema," alijibu, na sauti yake haikuwa na hasira tena.

Nikachukua simu yake nikampigia binti yake, akiwa ananizuia kwa mkono mmoja. Nilimweleza rangi, joto, tangu lini. Aliuliza maswali kumi kama askari. Halafu akaomba baba yake, na sauti ikasikika chumba kizima.

"Baba, ulisema unafanya kazi ya kukaa."

"Nilikuwa nakaa. Muulize mjomba wako, ameandika."

"Nenda hospitali leo, si kesho, maji yatolewe. Halafu urudi. Sare utaniona nayo ukiwa umesimama au ukiwa umebebwa, chagua."

Shemeji alijifunika uso kwa shuka. Niliona mabega yanatikisika, na nilipoinamia nikakuta anacheka. Anacheka na kulia. Redio alitoka nje, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya watu wakiwa wanaongea.

Alhamisi, tarehe 2 Mei

Maji yametolewa gotini. Daktari amesema asibebe chochote miezi mitatu. Meneja alikuja mwenyewe na fomu ya mkataba mpya wa shemeji, maana sitini na moja ni sitini na moja. Shemeji aliisoma hadi mwisho, akamrudishia kwa mikono miwili bila kutia saini.

Nimeomba kuondoka kabla msimu haujaisha. Sikuulizwa kwa nini.

Jumapili, tarehe 5 Mei

Nimefunga mizigo yote, yake na yangu. Mvua inapiga bati na mimi nazunguka chumba. Shemeji anasema nikae chini, namchosha kwa kunitazama.

Tunaondoka Alhamisi asubuhi. Tutafika Jumamosi, tarehe kumi na moja, saa saba mchana, gari lisipoharibika. Kutoka kituoni hadi nyumbani ni mwendo wa nusu saa. Mke wangu nimemwambia atuhesabie mwendo wa saa moja na nusu, ili shemeji aketi njiani kila akitaka.